Chuma cha Ulaya, mti wa Usambara

Kutoka ukingo wa mwamba wa Irente, karibu na mji wa Lushoto, Mazinde inaonekana chini kabisa, takriban mita elfu moja kwenda bondeni. Huko ndiko Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri ye Nyumbai, alikojenga makao yake katika karne ya 19, akaiacha milima ambayo ndiyo iliyokuwa kitovu cha enzi ya Wakilindi. Sababu yake haina fumbo: njia ya misafara ya bonde la Pangani ilipita huko chini, na misafara ilileta bunduki. Kimweri alipofariki mwaka 1862, ufalme ulioanzishwa na Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu, uligombewa kwa silaha hizo, hadi Shekulwavu, mjukuu aliyerithi kiti cha Vugha, akafukuzwa na ami yake Semboja. Kisa hiki husimuliwa kwa upande wa chuma: nani alipata mitutu mingapi, baruti ilishukia bandari gani. Naona nusu ya kisa imeachwa kwenye mti. Bunduki iliyokita mizizi katika nchi hii ni ile ambayo kitako chake kikivunjika kingeweza kuchongwa kingine hapa hapa, na iliyobaki mgeni ni ile ambayo kitako chake kililazimika kuagizwa kutoka kiwanda kilekile kilichoiunda.

Tuanze na gobole. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kuchukua bunduki za kushindiliwa risasi kwa nyuma, kuanzia miaka ya 1860, zile za zamani za kushindiliwa kwa mdomo, za gumegume na za fataki, zilitupwa sokoni kwa bei ya chini, na nyingi ziliishia Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani humo, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa zilizoingia Afrika Mashariki kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Bunduki ya namna hii imeungwa kwa urahisi mno. Mtutu umelala kwenye mfereji uliochongwa juu ya mti, umeshikwa kwa pete au vijiti vya chuma, na mkiani una skrubu moja. Mtambo wa kufyatulia umepachikwa ubavuni. Sehemu inayovunjika kwanza ni shingo ya kitako, pale kiganja kinaposhika, kwa kuwa hapo mti ni mwembamba na mtambo umeshakula nafasi yake. Seremala mwenye tezo na patasi huchukua kile kilichovunjika, akakilaza juu ya gogo na kufuata umbo lake. Akikosea upana wa kidole, bunduki itakuwa na sura mbaya lakini italia. Anachotakiwa kujua zaidi ni mti wenyewe: nyuzi zipite kwa urefu wa shingo bila kuikata, na gogo liwe limekauka. Usambara haikukosa miti, ila si kila mti ungefaa. Mwangati wa Shume, ambao Wajerumani waliushusha kwa waya hadi Mkumbara, hupasuka kwa urefu kirahisi, sifa nzuri kwa penseli na mbaya kwa kitu kinachopigwa kishindo begani.

Raifo ya bolti, ile inayokokiwa kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha chuma, ilibadilisha kazi ya mti. Katika Mauser ya mwaka 1898, chini ya chumba cha risasi kuna nundu ya chuma inayoingia kwenye tundu la kitako, na nguvu yote ya kurudi nyuma inaangukia hapo. Tundu likiwa pana kuliko nundu, chuma kinasogea kidogo kila mlio, kinagonga mti nyuma, na ufa unaanza. Skrubu mbili zinazokaza mtambo lazima zikutane na matundu yake bila kulazimishwa, sanduku la risasi tano likae kwenye kina chake ili bolti iokote kila risasi bila kukwama, na mtutu usiegemee mti upande mmoja. Hilo la mwisho ndilo gumu mahali kama Irente. Mti ambao haukukaushwa sawasawa hufura kwenye ukungu wa mlimani, na ukishuka nao kwenye joto kavu la Mazinde unasinyaa. Mtutu unasukumwa, na risasi inahama. Kwa gobole linalopigwa karibu, nani angejali? Kwa raifo iliyopimwa kwa mita mia tatu, ni kukosa shabaha.

Pingamizi la kwanza litakuwa la sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaziruhusu zile za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Je, si hiyo tu inayotosha kueleza kwa nini gobole lilibaki? Inaeleza nani alinyimwa nini. Haielezi kwa nini silaha ya kizamani iliendelea kutengenezwa upya na mafundi wa vijijini zaidi ya karne moja baadaye, wakati gobole nalo linahitaji kibali na polisi wanalikamata likikosa. Kitu kilichopigwa marufuku hudumu pale tu panapokuwa na mtu wa kukitengeneza jirani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kilichoiua raifo mikononi mwa watu wa kawaida ni ukosefu wa risasi, mti haukuhusika. Vita ya Kwanza ya Dunia yaonekana kulithibitisha. Mwaka 1914 kombania nyingi za askari wa Kijerumani bado zilibeba Mauser ya 1871, yenye risasi za milimita 11 na moshi mzito uliowafichua. Baada ya vita vya Tanga vya Novemba mwaka huo, baadhi yao walipewa bunduki zilizotekwa kwa Waingereza. Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, ikatekwa Juni 1916, na kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipojisalimisha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, bunduki alizokabidhi zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Askari walibadilisha silaha nzima kila walipoishiwa risasi za ile ya kwanza. Nakubali ushahidi huu, na hata hivyo nadhani unaijenga hoja yangu. Risasi na kitako vilidai kitu kimoja, yaani vipimo vya kiwanda. Jeshi la Uingereza lilielewa hivyo vizuri: kitako cha raifo yake ya Lee-Enfield kilitenganishwa na mti wa mbele, kikashikwa kwa skrubu ndefu iliyopita ndani yake, na kikatolewa kwa urefu tofauti, wenye alama, ili fundi wa kikosi ampe askari mfupi kile cha mkono wake. Hayo yaliwezekana kwa mwenye ghala nyuma yake. Fundi hodari angeweza kuchonga kitako cha Mauser kwa mkono, sikatai. Lakini kosa ambalo kwenye gobole lingeharibu sura tu, hapa lingepasua kitako au kukwamisha risasi.

Raifo zilizobaki nchini kwa leseni, ambazo sasa zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, bado zimefungwa kwenye vipimo hivyo. Watengenezaji wengi wa bunduki za kuwindia waliiga mtambo wa Mauser, wakaurefusha au kuufupisha kulingana na risasi, wakaufungia mtutu mwembamba au mnene. Kwa hiyo kitako kinachouzwa kwa jina la Mauser huenda kisiikubali Mauser iliyopo mkononi. Mwenye bunduki hupima kwanza nafasi kati ya skrubu mbili, halafu urefu wa sanduku la risasi na unene wa mtutu, na mwisho umbali kutoka kifyatulio hadi begani mwake. Kipimo hicho cha mwisho ndicho pekee ambacho seremala wa Lushoto anaweza kukirekebisha kwa msumeno bila kuogopa.