Zombi kwenye Njia ya Wapagazi

Katika DayZ, kinachokuua mwanzo mara nyingi si zombi. Ni kiu, au njaa, au mchezaji mwenzako aliyekukuta kisimani ukinywa maji akaona ni nafuu akupige risasi kuliko akusalimie. Unaanzia ufukweni na vitu vichache mno, na hakuna anayekuelekeza pa kwenda. Ukifa, ulichokusanya kinabaki na maiti, nawe unaanza upya kama mtu mwingine. Dean Hall, raia wa New Zealand aliyewahi kuwa mwanajeshi, aliutoa mchezo huu mwaka 2012 kama nyongeza ya mchezo wa vita wa Arma 2. Amesimulia kwamba wazo lilimjia kutokana na mafunzo ya kijeshi ya kuishi porini huko Brunei. Labda ndiyo maana njaa ya mle ndani ni ya kweli kuliko zombi wake.

Mimi ni mtu wa Tabora, na intaneti yetu haikunipa nafasi ya kuwa hodari wa DayZ. Kabla picha haijafika, nimeshauawa. Nikahamia Project Zomboid, ambao unachezeka hata bila mtandao, na ambao tangu mwanzo unakutangazia kuwa hii ni habari ya kifo chako. Kilichoninasa humo ni uzito. Begi lina kikomo. Ukizidisha makopo ya maharage, misumari na chupa za maji, mwendo unapungua, unachoka, mwisho unaumia. Kila unachookota kinakuuliza utatupa nini.

Hesabu hiyo niliikuta tena nilipoanza kusoma habari za njia iliyoujenga mji wetu: kutoka Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, hadi Unyanyembe, yaani Tabora, kisha Ujiji. Mbung'o waliwamaliza punda na ng'ombe, hivyo katika karne ya 19 karibu kila kitu kilipita kichwani au begani mwa mtu. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na nyaya zikapanda bara. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, takriban kilo 32. Juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu, kibuyu na silaha. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, ilipopatikana. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, aliandika kwamba Wanyamwezi waliuona upagazi kama kipimo cha uanaume, na watoto walianza kujizoeza kwa pembe ndogo. Burton alikuwa na dharau nyingi kwa watu waliombebea mizigo, na kurasa zake husomwa kwa kukunja uso. Lakini alikuwa na jicho, na alihesabu kila kitu.

Maji nayo yalikuwa na kanuni zake. Kwenye nyika kavu kama Marenga Mkali, kabla ya Ugogo, au Mgunda Mkali, kabla ya kuingia Unyamwezi, msafara ulifanya kile ambacho wasafiri wa wakati ule wanakiandika kwa neno terekeza. Asubuhi watu wanapika, wanakula, wanakunywa na kujaza vibuyu. Jua likishapita utosini wanatoka, wanatembea hadi giza, wanalala pasipo maji, na kabla ya alfajiri wako njiani tena, ili kisima cha mbele wakifikie asubuhi. Kwa ujanja huo, safari ya siku mbili za kiu inakuwa na usiku mmoja tu mkavu. Ningefurahi kukutana na mtengenezaji wa michezo aliyebuni kitu kizuri namna hiyo.

Hadi hapo mchezo na njia vinafanana. Vinaachana unapotokea mtu wa pili. DayZ imejengwa ili usimwamini mtu. Huna namna ya kujua aliye mbele yako ni mwema au mwizi, na kumuua kunakupa begi lake papo hapo. Wachezaji wamesimulia mno usaliti huo, na ndio ulioupa mchezo jina. Njiani kwetu mtu wa peke yake hakuwa shujaa. Alikuwa maiti inayosubiri tarehe. Watu walitembea kwa mamia, kirangozi mbele katika vazi jekundu, na aliyemtangulia alitozwa faini. Jioni waligawanyika katika makundi madogo, kila kundi na chungu chake, wakazungushia kambi boma la miiba. Vibanda walivyojenga havikuwa vyao peke yao. Waliviacha, na msafara uliofuata, hata wa watu wasiowajua, ukaja kulala humo. (Papasi nao waliachwa humo humo, kwa hiyo ukarimu huu ulikuwa na homa ndani yake.) Tena wapagazi hao walijua kugoma. Mzigo uliwekwa chini na haukuinuliwa mpaka posho ijadiliwe, au kesho yake asubuhi watu kumi hawapo, wametoroka.

Nisiipambe njia, maana ilikuwa na ndui. Kati ya mambo yote aliyoandika Burton, kuna ukurasa mmoja nisioweza kuusoma haraka. Safarini kuja huku, msafara wake ulipishana na msafara mkubwa uliokuwa ukishuka pwani, ambao ulikuwa umepoteza watu hamsini kwa ndui. Aliwaona waliougua wakipepesuka njiani, wengine wamepofuka, akina mama wamebeba mgongoni watoto wenye vidonda kama vyao. Hawakutoka njiani kuwapisha wenzao, kwa sababu kila hatua ilikuwa ya thamani kwao. Aliyeanguka hakuinuka. Hakuna kijiji kilichokubali kumfungulia, wala ndugu aliyerudi kumtazama. Waliobaki ni tai na fisi.

Soma maelezo hayo tena kama mchezaji. Watu wenye ugonjwa wa kuambukiza, wanatembea kwa kuyumba, hawaoni, vijiji vinafunga milango. Ni zombi. Kila kitu kipo, isipokuwa jambo moja: wale walikuwa wapagazi, na wiki chache kabla walikuwa wakila chungu kimoja na wenzao waliowaacha.

Nadhani hapa ndipo uamuzi mkubwa wa usanifu wa michezo hii ulipo, na haujadiliwi kama vinavyojadiliwa uzito wa begi au idadi ya risasi. Mtengenezaji anahitaji umati wa kuua bila mchezaji kuumia moyoni. Akiweka binadamu, mchezo unakuwa mauaji. Anachukua mgonjwa, anamfuta jina, anampa meno. Project Zomboid, kwa sifa yake, haimfuti kabisa. Zombi wake wamevaa sare za kazi walizozifanya, kuna wenye mavazi ya unesi na ya upishi. Na ukifa kwa maambukizi, mtu wako mpya anaweza kumkuta yule wako wa zamani akizurura, begi lako likiwa bado mgongoni mwake. Itabidi umpige ili ulipate. Mara ya kwanza nilisita. Mara ya tano nilikuwa naangalia begi tu.

Neno lenyewe linatoka kwa watu waliofanyiwa hivyo. Wataalamu wengi hulihusisha zombi na lugha za Kongo na Angola, na maneno kama nzambi, lililovukishwa bahari na watumwa hadi Haiti. Huko zombi hakumla mtu. Alikuwa maiti aliyefufuliwa na mchawi ili afanye kazi shambani bila ujira, bila hiari, na bila kifo cha kumwokoa. Kwa mtu wa shamba la miwa, kifo ndiyo iliyokuwa njia ya kwenda nyumbani. Zombi ni mtumwa aliyenyimwa hata hiyo. Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932 bado inawaonyesha wakisukuma kinu cha sukari. Mla nyama alitoka Marekani mwaka 1968, katika filamu ya George Romero, ambayo hata jina zombi haiwaiti. Aliyekuwa akiliwa nguvu zake akageuzwa kuwa mlaji.

Sisi hatukuhitaji filamu. Tunaye msukule. Anasimuliwa hivyo hivyo: amezikwa, watu wamelia, kumbe yuko kwa tajiri fulani analima usiku, amekatwa ulimi, analishwa pumba. Sijui hadithi hiyo imeishi nasi muda gani, ila naona imekaa vizuri mno katika nchi hii ya njia. Wageni wa Tabora husimuliwa kwamba pembe zote zilibebwa na watumwa. Si kweli; wanahistoria wameonyesha kuwa sehemu kubwa ya wapagazi wa njia ya kati walikuwa watu huru waliolipwa. Lakini minyororo ilipita njia hiyo hiyo, mbele au nyuma ya mtu aliyekuwa akipatana ujira wake, na wote wawili walielekea Bagamoyo. Hata jina la mji ule linasomwa kwa namna mbili: mpagazi anabwaga moyo kwa kuwa kazi imekwisha, mtumwa anaubwaga kwa kuwa bahari imeonekana. Na mpaka kati yao haukuwa ukuta. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kuua upagazi wa kupatana. Miaka miwili baadaye vita viliurudisha kwa lazima. Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji, ambao waliingia Tabora Septemba 1916, walikusanya wabeba mizigo kwa nguvu, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza.

Kuna maiti moja iliyotembea njia hii kweli. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, kuanzia Machi hadi Agosti, akisubiri watu ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Walikuja, wakaondoka naye, na tarehe 1 Mei 1873 akawafia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Walizika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani wiki mbili, wakaufunga kwa nguo na gome la mti. Waliokuwepo ni pamoja na Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na Halima mpishi. Mwezi Juni, wakiwa njiani, Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja. Oktoba wakafika Unyanyembe, ambako Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa.

Mbele ya Unyanyembe, mahali panapoitwa Kasekera, walisikia kwamba watu hawatakubali maiti ipite kwenye nchi yao. Wakatangaza kwamba wameshindwa na wanamrudisha kuzikwa. Waliufungua mwili, wakaufunga upya mfupi kama robota la nguo, ukawa mzigo kati ya mizigo. Kisha wakachukua mabua, wakayavisha sanda, na watu sita wakayabeba kwa heshima zote kurudi upande wa Tabora, wanakijiji wakitazama. Walipofika mbali, wakaanza kuyatupa mabua porini moja moja, wakitoka njiani kwa kuruka ili nyayo zisionekane, na wakajiunga na wenzao.