Sikio, Herufi na Kanda: Historia ya Mazoezi ya Kwaya Zisizosoma Nota Katika Katanga

1. Utangulizi

Mtaa wa Hewa Bora, mjini Lubumbashi, ni sehemu ya mji ambao tangu mwanzo wake ulikusanya watu wa makabila na lugha nyingi, wakakutana katika Kiswahili. Mahali pamoja wanapokutana kwa wingi ni kwaya ya kanisa, ambayo kwa athari ya Kifaransa huitwa pia korali. Mwanakwaya wa kawaida ni mtu mwenye shughuli nyingine mchana kutwa. Huja mazoezini jioni, na hana elimu ya kusoma nota za mistari mitano. Hata hivyo anatazamiwa kuimba sauti yake ndani ya wimbo wa sauti nne bila kuvutwa na jirani yake. Ajifunze kwa kutumia kitu gani, hasa siku ambazo mwalimu hayupo?

Mara nyingi swali hilo huchukuliwa kuwa dalili ya upungufu, kana kwamba kwaya isiyosoma nota ni kwaya ambayo bado haijakamilika. Historia ya uimbaji katika Katanga inaonyesha jambo tofauti. Kila njia ya kufundishia wimbo, iwe sikio, herufi au kanda, ni namna ya kuweka akiba ya kumbukumbu, na kila akiba ina kitu inachokihifadhi na kitu inachokiacha kipotee. Makala haya yanazichunguza njia hizo tatu, na kuuliza ni ipi inayozilinda sauti ambazo kwa kawaida hupotea kwanza, yaani alto, tenori na besi.

2. Herufi mahali pa mistari

Tatizo lenyewe ni la kale. Katika karne ya 11, mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo aliona kwamba waimbaji wake walitumia miaka mingi kushika nyimbo kwa moyo, lakini hawakuweza kuimba hata wimbo mmoja mpya bila mwalimu. Dawa yake ilikuwa kuyapa majina madaraja ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Tangu wakati huo majina hayo yamekuwa ngazi ya kumtoa mwimbaji katika utegemezi wa mwalimu.

Katika Uingereza ya karne ya 19, mwalimu Sarah Glover wa Norwich aliyageuza majina hayo kuwa maandishi kamili. Mchungaji John Curwen, ambaye yeye mwenyewe hakuwa hodari wa kusoma nota, aliichukua kazi hiyo kuanzia mwaka 1841, akaiboresha na kuieneza kwa jina la toniki solfa. Katika mtindo huu, sauti huandikwa kwa herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenganisha mapigo, kistari huonyesha sauti inayoendelea kushikwa, na alama ndogo kando ya herufi huonyesha kama sauti ni ya juu au ya chini zaidi. Faida yake kwa misheni ilikuwa kubwa, kwani kurasa za namna hiyo ziliweza kupigwa kwa taipu ya kawaida au kuandikwa ubaoni kwa chaki.

Njia hiyo ilifika Afrika ya Kusini pamoja na shule za misheni, na matunda yake yanajulikana kwa kila msomaji wa Kiswahili. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, alipotunga wimbo wake maarufu mwaka 1897, aliuandika kwa herufi za toniki solfa. Muziki wa wimbo huo ndio uliokuja kuwa wa wimbo wa taifa wa Tanzania, «Mungu Ibariki Afrika». Hivyo basi, mmojawapo wa miziki inayoimbwa zaidi kwa Kiswahili ulianza kwenye karatasi isiyokuwa na mstari hata mmoja wa nota.

3. Katanga yenye «do» mbili

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa. Katika miaka ya kwanza ya migodi, wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, na baadhi yao walikuwa wamepita katika shule za misheni za Kiingereza. Waprotestanti walikuwa wamekwisha kutangulia Katanga. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, makao ya Mfalme Msiri, mwaka 1886. Kwa upande wa Wakatoliki, Wabenedikto kutoka Ubelgiji, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, walileta wimbo wa Kigregori na solfeji ya Kifaransa.

Tofauti kati ya mila hizi mbili si ndogo. Katika toniki solfa, «do» huhama: ni sauti ya msingi ya wimbo wowote, popote wimbo unapoanzia. Katika solfeji ya Kifaransa, «do» haihami: ni sauti moja tu ya kinanda. Wimbo ukiwa katika ufunguo wa G, mwalimu wa herufi atafundisha mwanzo wake kwa kusema do, mi, so, ilhali aliyesoma kwa Wafaransa au Wabelgiji atasema sol, si, re. Wote wawili wanaimba sauti zilezile. Kuna mtego mwingine tena: herufi «s» kwa Mwingereza ni «so», lakini kwa msomi wa Kifaransa yaweza kuwa «sol» au «si». Glover mwenyewe aliubadili «si» kuwa «te» kwa sababu hiyo hasa, ili pasiwe na majina mawili yanayoanza kwa herufi moja.

Maadamu wanakwaya wanaimba bila chombo, tofauti hiyo haiwadhuru sana, kwa kuwa umbali kati ya sauti na sauti unabaki uleule. Shida huanza kinanda kinapoingia, au wanakwaya wawili waliolelewa katika makanisa mawili wanaposimama bega kwa bega katika tenori na kuita sauti moja kwa majina mawili. Kwa hiyo kusema kwamba kwaya ya Lubumbashi «haijui nota» ni kurahisisha mambo. Mara nyingine inazo nota za aina mbili, na hakuna aliyewahi kuzipatanisha.

Wapo waliozimudu njia zote. Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1961, alipata elimu yake ya muziki mikononi mwa mapadre, akawa mpiga kinanda na mwalimu wa muziki Elisabethville. Alitunga misa iitwayo Missa Katanga, na mwaka 1960 akatunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga, ambayo alikuwa waziri wake wa elimu. Lakini Kiwele alikuwa mtu wa pekee. Waimbaji wengi waliozishika nyimbo za wakati huo walizishika kwa kumfuatiza mwalimu, kipande kwa kipande.

4. Kamina, 1958: wimbo kabla ya karatasi

Mfano wenye mafunzo zaidi unatoka Kamina, kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda hapo kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, yenye wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15. Mwaka 1958 kwaya hiyo iliimba na kurekodi Missa Luba, misa ya Kilatini juu ya mitindo ya nyimbo za Kongo. Kyrie ilifuata mtindo wa kasala, na Sanctus ilijengwa juu ya wimbo wa Kiluba wa kuagana. Misa hiyo haikuandikwa kwanza ili ifundishwe. Ilikua katika mazoezi, kwa waimbaji kubuni pamoja, na sehemu zake ziliweza kubadilika kila ilipoimbwa.

Yafaa kuuliza iliwezekanaje watu karibu 60 wapatane bila karatasi. Jibu limo katika kanuni ya upatanifu wenyewe. Katika nyimbo nyingi za eneo hilo, sauti ya pili huiandama ya kwanza sambamba, kwa umbali ulio karibu sawa, ikipanda inapopanda na kushuka inaposhuka. Mwenye kuujua wimbo wa kiongozi anaijua tayari njia ya sauti yake mwenyewe. Kanuni hiyo, iliyomo masikioni tangu utotoni, ndiyo iliyokuwa nota yao.

Karatasi ilikuja baadaye. Missa Luba ilipochapishwa, kwaya za nchi nyingine ziliweza kuiimba, na mwaka 1990 ilitoka rekodi yake iliyofanywa na Muungano National Choir ya Kenya chini ya Boniface Mganga. Maandishi yaliikoa misa hiyo isife pamoja na waimbaji wake wa kwanza. Lakini pia yaliigandisha: yaliyokuwa ubunifu wa siku moja yakawa sheria kwa waliofuata.

Kinyume chake ni nyimbo za Ulaya za sauti nne, kama «Haleluya» ya Handel. Humo besi ina safari yake yenyewe. Haiwezi kukisiwa kwa kuisikiliza soprano. Ndipo sikio lililozoea kanuni ya sambamba hushindwa, na ndipo kwaya huanza kutafuta kitu cha kufanyia mazoezi.

5. Lugha kama kiongozi wa sauti

Isimu ina neno la kuongeza hapa. Kiluba ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, na mtungaji wa wimbo hawezi kuipuuza toni bila kuhatarisha maana. Kwa hiyo maneno yenyewe humwonyesha mwimbaji, walau kwa kiasi, wimbo unaelekea wapi. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Neno «Mwokozi» laweza kuimbwa likipanda au likishuka na maana isibadilike.

Jambo hili lilikuwa nafuu kwa watafsiri wa tenzi za Ulaya, ambao walibaki na kazi ya kuulinganisha mkazo na pigo tu. Kwa mwanakwaya, nafuu hiyo ina gharama yake. Anapoimba kwa Kiswahili, maneno hayamsaidii kukumbuka sauti, na anahitaji msaada wa nje zaidi kuliko aliyeimba kwa Kiluba kijijini. Kwaya ya mjini, iliyochagua Kiswahili ili watu wa asili zote waelewane, imejitwika haja hiyo pamoja na faida zake.

6. Kanda na simu

Kaseti, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilibadili mazoezi ya kwaya za Afrika kuliko kitabu chochote cha nota. Kwa mara ya kwanza mwalimu aliweza kumwachia mwanafunzi sauti yake aende nayo nyumbani. Simu za mkononi zimerithi kazi hiyo.

Hata hivyo, kanda ya kwaya nzima ina udhaifu ambao haujadiliwi vya kutosha. Anayeisikiliza husikia zaidi sauti ya juu, na ndiyo anayoishika. Wimbo ukipita katika kanda tatu au nne, soprano hubaki karibu kamili, ilhali alto na tenori huanza kuifuata sambamba, kwa kanuni ileile ya kale, na besi hubaki na sauti chache za msingi. Kwa nyimbo za aina ya Kamina hilo si kosa. Kwa wimbo ambao mtungaji aliipa kila sauti njia yake, ni kupotea kwa nusu ya kazi yake, bila yeyote kutambua.

7. Hitimisho

Historia hii haimpi ushindi msomaji wa nota wala mwimbaji wa sikio. Inaonyesha kwamba kila wimbo huhitaji akiba inayolingana na muundo wake. Wimbo wa sauti sambamba hujitunza katika sikio. Wimbo wenye sauti nne huru huhitaji kila sauti irekodiwe peke yake, tena na mtu ambaye wanakwaya wanaweza kumfuata, na huhitaji pia ukurasa wa herufi ulioeleza juu yake «do» ni ipi. Rekodi hufundisha lafudhi, pumzi na mwendo, mambo ambayo herufi haziyasemi. Herufi husahihisha rekodi inapochakaa.

Katika mitaa kama Hewa Bora, haja hiyo inazihusu hasa nyimbo zilizotungwa hapohapo kwa Kiswahili, ambazo hazimo katika kitabu chochote. Handel atapatikana daima kwingineko. Mtunzi wa mtaani akifariki kabla ya besi yake kuandikwa au kurekodiwa, hakuna maktaba itakayoirudisha.