Huru Si Bure: Asili ya Leseni Mbili za Programu za Kompyuta

Mfasiri wa mikataba ya kompyuta hukutana mara kwa mara na neno moja la Kiingereza lenye maana mbili: kisicholipiwa, na kilicho huru. Kiswahili hakina utata huo, kwani bure ni bure na huru ni huru. Hata hivyo, asiyeijua historia ya leseni zenyewe aweza kuipotosha hati nzima.

Mwaka 1984 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), huko Marekani, ilianzisha mfumo wa madirisha uitwao X. Leseni yake ilimruhusu kila mtu kuutumia, kuubadili na kuuza nakala zake, mradi tangazo la hakimiliki libaki. Makampuni yaliyouza mifumo ya Unix yaliuingiza katika bidhaa zao, na mara nyingi yakawapa wateja lugha ya mashine tu, bila msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo mtaalamu huyasoma na kuyasahihisha. Hivyo uhuru uliotolewa na watunzi ulimfikia mchuuzi ukaishia hapo, mtumiaji hakuupata.

Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, alilitafutia jambo hili dawa. Leseni ya GPL, iliyotolewa mwaka 1989, huitumia hakimiliki ileile lakini huongeza sharti: anayesambaza programu, hata akiwa ameibadili, lazima ampe mpokeaji msimbo chanzo pamoja na haki zilezile alizopewa yeye. Kampuni ya NeXT ilipotaka kuifungia sehemu ya lugha ya Objective-C iliyoiongeza katika GCC, programu ya GNU ya kutafsiri lugha za kompyuta, sharti hilo liliilazimu kuitoa wazi.

Je, kazi yenye leseni ya aina ya kwanza yaweza kuingizwa katika ile ya pili? Yaweza, endapo masharti hayapingani. Leseni ya BSD ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilidai chuo kitajwe katika kila tangazo la biashara linalotaja sifa za programu. Dai hilo lilipingana na GPL hadi chuo kilipolifuta mwaka 1999. Kinyume chake, yaani kuitoa kazi ya GPL chini ya leseni ya aina ya kwanza, hakuruhusiwi bila idhini ya mwenye hakimiliki.

Sasa tuje kwenye istilahi. Jina la Kiingereza la sharti la GPL ni mchezo wa maneno: neno la "haki" lina pia maana ya "kulia", nalo likageuzwa kuwa "kushoto". Tukilifasiri neno kwa neno tutazua kichekesho. Tunapendekeza leseni rithishi, kwa kuwa uhuru hurithishwa kila mpokeaji, na leseni ruhusishi kwa ile ya kwanza. Tumeepuka "leseni legevu" kwa sababu jina hilo hulaumu, na si kazi ya istilahi kulaumu.

Mtumishi wa serikali atakayeletewa mkataba wa programu asiulize bei peke yake. Aulize pia kama ofisi yake itapewa msimbo chanzo, na kama itaruhusiwa kuubadili.