Maiki na mzee wa James West

Jamani wadau, leo kwenye lekcha maiki imekoroma weee, mpaka lekchara kaiweka chini akapaza sauti yake mwenyewe. Nikabaki nawaza, hivi hiki kidude kilitoka wapi?

Kumbe kuna James West, Mmarekani mweusi, kazaliwa Virginia mwaka 1931. Aliposema anataka fizikia, baba yake akagoma, yeye alimtaka udaktari. Akamkutanisha na watu weusi watatu wenye PhD za kemia na fizikia. Kazi waliyopata? Posta! Dogo hakusikia.

Enzi hizo maiki nzuri za studio zilitaka umeme mkubwa wa kutoka nje. Mwaka 1962, West na Mjerumani Gerhard Sessler, wakiwa Bell Labs, wakatumia utando mwembamba wa plastiki uliopakwa metali upande mmoja, ambao ukishatiwa chaji unakaa nayo miaka na miaka. Sauti ikiutikisa, unasogea karibu au mbali na bamba la nyuma yake, na umeme unapanda na kushuka vilevile. Basi. Kitu kidogo, bei chee, kikaingia kwenye simu, rekoda za kaseti, hadi vifaa vya wasiosikia vizuri.

Na mimi jana nimepigiwa simu nyumbani: "Hiyo fizikia utaajiriwa wapi?"