Mawe ya Figo Yatokanayo na Dawa za Dukani

Mawe ya figo yatokanayo na dawa za dukani ni maradhi yazukayo pale ambapo dawa iliyonunuliwa bila cheti cha tabibu, ikatumiwa miezi au miaka, huganda katika mkojo, yenyewe au masalio yake, ikawa jiwe. Mawe ya namna hii ni nadra, kwani hata mawe yatokanayo na dawa za kila namna aghalabu hayazidi asilimia 1 au 2 ya mawe yote ya figo. Walakini yastahili kutajwa peke yake, madhali mgonjwa huyanunua kwa fedha yake.

Dawa ishukiwayo kwanza ni ile tembe nyeupe ya kutafuna, iitwayo na wengi magnesiamu, itumiwayo kwa kiungulia, na ambayo hupatikana hata katika duka la chumvi na viberiti. Ndani yake mna magnesiamu trisiliketi, ambayo ikutanapo na asidi ya tumbo hutoa silika, kitu kile kile kilichofanya mchanga. Sehemu yake huingia damuni, ikachujwa na figo, na mkojo ukiwa haba na mzito, hutuama na kushikana. Madaktari wa Marekani waliandika habari zake mwaka 1960. Vitamini C nayo, imezwapo kwa gramu kila siku, huongeza oksaleti katika mkojo, na tembe za kalsiamu zikizidi huongeza chokaa. Ama dawa za maumivu, hizo hazifanyi jiwe, bali zikikithiri huweza kuziua ncha za ndani za figo, zikamomonyoka na kuziba njia ya mkojo, hata mgonjwa asadiki kuwa ana jiwe.

Uhaba huo wa mkojo hutokea hata penye baridi: mji wa Lushoto, nchini Tanzania, uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na baridi ya milima ya Usambara ina hila yake: apandaye mteremko na tenga la kabichi kichwani hutokwa na jasho, ilhali koo halimdai maji. Mgongo ukimuuma hununua diklofenaki, dawa ya maumivu. Na maumivu ya jiwe, ambayo nayo hushika ubavuni na mgongoni, hutulizwa na dawa iyo hiyo, ndipo maradhi yakachelewa kutambuliwa.

Fauka ya hayo, mgonjwa aulizwapo atumia dawa gani, hujibu hana dawa, kwani tembe ya kiungulia kwake ni peremende tu. Tabibu mwerevu huitaja kwa jina lake. Eksirei haitoshi, kwa sababu jiwe la silika halionekani vyema katika picha.

Matibabu huanza kwa kuiacha dawa hiyo, na kunywa maji hata mkojo ufike lita 2 au zaidi kwa siku. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, nalo lihifadhiwe lipimwe. Kubwa zaidi huhitaji mabingwa wa njia ya mkojo, kama wa hospitali ya KCMC, Moshi. Homa ikifuatana na maumivu hayo, au mkojo ukikatika, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.