GOWEKO: SHAMBA LA BABA NA HAKI YA BINTI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kaa kitako, somo la leo ni refu kidogo. Linahusu ardhi.

Ukipanda treni ya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ukiipita Itigi na pori lake la miombo, kabla hujafika Tabora utasimama Goweko, Wilaya ya Uyui. Ni kijiji cha wakulima: mahindi, karanga, mpunga mbugani, tumbaku, na mizinga ya nyuki porini. Abiria wengi huchungulia dirishani, wakaendelea na safari. Mimi nakuomba ushuke, usimame kwenye shamba lolote, ujiulize: hili ni la nani, na amelipataje?

Zamani za watemi wa Unyamwezi jibu lilikuwa jepesi. Aliyefyeka pori akalima, shamba ni lake maadamu analitumia. Akihama, ardhi hurudi kwa mwanangwa aliyesimamia kijiji kwa niaba ya mtemi, naye humpa mwingine. Ardhi haikuwa bidhaa. Mali ya kujivunia ilikuwa ng'ombe, majembe ya chuma, nguo na ghala lenye nafaka. Na sisi katika dini yetu tuna hadithi ya Mtume ﷺ kwamba anayehuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo ni yake. Huoni kama mambo yanakaribiana?

Kisha ikanoga biashara ya misafara. Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora, Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wa Omani wameshajenga na kukaa. Vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe hadi pwani wakati wa kiangazi, wakajitahidi kurudi mvua za kulima zinapokaribia. Je, mume akiwa njiani, nani alibaki na shamba? Mwanamke. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Na tusifiche ukweli. Waliotajirika kwa pembe walinunua watumwa wa kuwalimia, na Waislamu wenzetu walikuwemo katika biashara hiyo. Binadamu alihesabiwa kuwa mali, akalima shamba lisilo lake. Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika kwa sheria mwaka 1922, juzi tu katika hesabu ya historia.

Wakaja Wajerumani. Amri yao ya 1895 ilisema ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni ya dola. Sasa mkulima asiyejua kusoma angethibitisha kwa lipi? Reli yao ikafika Tabora mwaka 1912. Waingereza nao, kwa sheria ya 1923, wakaiweka ardhi yote chini ya Gavana. Ilibidi waje kurekebisha mwaka 1928 ndipo haki ya mwenyeji anayekaa kwa mila yake itajwe ndani ya sheria.

Tukapata uhuru. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa 1976. Wazee wetu wanaikumbuka Operesheni Vijiji. Watu waliacha mahame yao, wakaacha miembe na makaburi, wakagawiwa viwanja na mashamba mapya. Aliyelima hapa jana, leo shamba lake limepewa mwingine, naye amepewa la mwenzake. Migogoro iliyozaliwa hapo ilikuwa mingi hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ikabidi itamke kwamba ugawaji wa kati ya 1970 na 1977 ni halali.

Unaona, ndugu yangu? Mtemi, Mjerumani, Mwingereza, Operesheni. Mara nne mwenye ardhi alielezwa upya, na mara zote mkulima hakuwa na karatasi. Alichokuwa nacho ni shahidi: mzee aliyesema, "Hapa alilima baba yake, nilikuwepo." Wazee hao sasa tunawazika mmoja mmoja.

Nikusimulie langu. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye hitima katika kijiji kimoja cha upande wetu. Marehemu aliacha mjane, mabinti wawili, na ndugu yake wa kiume. Hakuacha mtoto wa kiume, na wazazi wake walishatangulia. Nilisoma dua, nikala pilau, nikaaga. Sikuuliza deni. Sikuuliza shamba. Baada ya miaka miwili binti mkubwa akanijia msikitini, ananiita baba, analia. Baba mdogo amechukua lote, amelikodisha kwa mkulima wa tumbaku. Mzee aliyejua mipaka amefariki. Nilimtazama nikajua kwamba siku ile ya hitima nilikuwa na ulimi, nikanyamaza.

Kisa hiki si kipya. Baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, mke wa Saad bin Rabii alimwendea Mtume ﷺ na mabinti zake wawili. Baba yao ameuawa Uhud, na ami yao amechukua mali yote. Ikateremka aya ya mirathi, Suratun Nisaa, aya ya 11. Mtume ﷺ akamwagiza ami yao: mabinti wape theluthi mbili, mama yao thumuni, kitakachobaki ni chako.

Hebu tupige hesabu ya kijijini. Shamba ni ekari 24, deni hakuna. Mabinti ekari 16, mama yao ekari 3, baba mdogo ekari 5. Yule wa kwetu alichukua 24.

Utaniambia, "Sheikh, sisi tuna mila, binti anaolewa, ardhi itaenda kwa watu." Nakujibu mara mbili. Kwanza, dini: anayedhulumu ardhi hata shubiri moja, Mtume ﷺ ametuonya kwamba atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Pili, nchi: sheria hiyo hiyo ya 1999 imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kumbuka pia nani alibaki na jembe wakati wanaume wako njiani na pembe.

Basi fanya haya ukiwa hai:

1. Andika ulichonacho: shamba, ng'ombe, miti, unachodai na unachodaiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi.

2. Andika kwamba wewe ni Muislamu na unataka mirathi yako igawiwe Kiislamu. Usipoacha maandishi, watu watabishana uliishi kwa mila au kwa dini. Wasia wa mali usizidi theluthi, wala usiutumie kumwongezea mrithi.

3. Nenda kwa halmashauri ya kijiji, uliza habari za hatimiliki ya kimila. Wachukue majirani mkaonyeshane mipaka wote mkiwapo, na mabinti wawepo.

4. Nawe imamu mwenzangu: kwenye hitima, kabla ya pilau, uliza deni, uliza warithi. Usinyamaze kama mimi.

Yule binti? Tulikaa vikao vitatu. Baba yake mdogo amerudisha sehemu ya shamba, siyo yote. Bado naenda kumgongea mlango, na nitaendelea inshaAllah.

Ewe Mola, tusamehe tuliponyamaza, utulinde tusile mali za mayatima, na uwarehemu wazee wetu waliolala kwenye mahame. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako, hasa mwenye shamba na mabinti.