Mlinzi Aliyeamini Namba

Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitengeneza NFS, mfumo wa kompyuta nyingi kutumia mafaili yaliyo kwenye seva moja. Ruhusa zilikuwepo: nani asome, nani aandike. Shida ni kwamba seva haikumjua mtu. Ilipokea namba yake tu, tena kutoka kwenye mashine ya mwombaji mwenyewe! Aliyeitawala mashine yake alijipa namba yako, akasoma barua zako bila kuvunja kufuli. Aliyeshukiwa ni mmoja, msimamizi mkuu, namba 0. Akibisha hodi aligeuzwa “nobody”, yaani si mtu (Odysseus angecheka). Toleo la nne, mwaka 2000, liliwalazimisha watengenezaji kuweka Kerberos, inayodai uthibitisho. Kuitumia kukabaki hiari, na mpaka leo ziko seva zinazoamini namba tu.